Tumeitwa baraza la mpango wa magodauni ya kriki, twende tukaulize nini?

katibu_wa_diko:
Waungwana salaam. Niko Mombasa upande wa bara, mtaa wetu uko kando ya kriki na kati yetu na maji kuna magodauni ya zamani na kiwanda kilichofungwa kitambo, sai kuna mpango eneo lote livunjwe lijengwe upya, maghorofa, maduka na sehemu ya watu kupunga upepo. Barua ilikuja Jumatatu, baraza Jumatano. Tumefika tumekuta tenti, soda, na kijana na leptopu yake anaonyesha ramani, maandishi yote Kizungu. Mimi macho yangu yote yanatafuta diko letu, pale mashua zinapofunga na kina mama karanga wanapokaanga samaki, silioni, pamepakwa rangi ya kijani tu pameandikwa mahali pa burudani. Nikauliza diko liko wapi nikaambiwa maoni yako yamechukuliwa. Halafu tulipoingia tulitia sahihi karatasi, jina, namba ya kitambulisho na simu, na juu ya ile karatasi hakukuwa na kichwa chochote, hilo limenijia nishafika nyumbani nimelala. Wiki ijayo kuna baraza la pili. Mi ni katibu wa BMU tu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, si wakili, wazee wananiuliza twende au tususe. Nishaurini.

mchovu_wa_mabaraza:
Danganya toto hiyo. Nimekaa kwenye tenti kama hizo mpaka nimejua ladha ya soda zote, ramani huja imeshachorwa, nyinyi mwaitwa muipigie makofi. Mkipewa nauli chukueni mrudi nyumbani.

mlamu_asiyelala:
Usimsikize huyo, nendeni. Sisi Lamu ile mitambo ya stima ya makaa ya mawe, megawati 1,050 pale Kwasasi, mikutano ilifanyika na orodha za waliohudhuria zikawepo. Lakini Save Lamu, muungano wa watu wa hapa kwetu, na wenzao walipoenda traibyuno ya mazingira, leseni ilifutwa Juni 2019, na moja ya sababu kubwa ni kwamba ile mikutano ilikuwa ya kujulishana tu, ripoti ya athari kwa mazingira ilikuwa bado, na ripoti ilipotoka hakuna aliyerudi kuwaeleza watu kilichomo. Kwa hivyo swali lako la kwanza wiki ijayo lisiwe la diko. Uliza ripoti ya athari kwa mazingira ishaandikwa au bado? Kama bado, basi hilo baraza ni la salamu, na muwaambie hivyo mbele ya watu, na muhakikishe yule anayeandika mihtasari ameliandika.

mchovu_wa_mabaraza:
Sawa Mlamu lakini malizia hadithi. Leseni 2016 hukumu 2019, mvuvi ale nini hapo katikati? Na ile ya bandari yenu, mahakama Malindi 2018 ikasema wavuvi walipwe fidia ya bilioni 1.76, miaka mingapi watu wakawa bado wanauliza pesa i wapi?

mlamu_asiyelala:
Hapo sikupingi. Ndio maana nasema apige kelele sasa, ramani ikiwa bado ni karatasi.

ramani_mkononi:
Nimefanya kazi za mipango miji miaka mingi, wacha niseme ya upande wa ndani. Kanuni za tathmini ya athari za 2003 zinataka mabango mtaani, tangazo gazetini wiki mbili mfululizo, redioni vilevile kwa lugha ambazo watu wanaelewa, na mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, na taarifa ya mkutano ije wiki moja mbele. Barua ya siku mbili haipiti hapo. Pili andikeni barua muombe ripoti na ramani yenyewe, sheria ya kupata habari ya 2016 inawapa siku 21 kujibu, wakinyamaza mnaenda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwenu. Karatasi isiyo na kichwa usiitie sahihi, au andika wewe mwenyewe juu kwa kalamu "tumehudhuria, hatujakubali" kisha upige picha.
Lakini linalofanya kazi kuliko yote ni ramani yenu wenyewe. Tembeeni na simu mchukue pointi, maji makuu yanafika wapi, mashua zinalazwa wapi wakati wa kusi na wapi wakati wa kaskazi, njia ya kupita na tanga na injini, wanapotengenezea nyavu. Mshauri anayeandika ripoti akipewa ramani hawezi kusema hakuambiwa.
Na kile kiwanda kilikuwa cha nini? Ulizeni udongo umepimwa? Mtaa wa Owino Uhuru si mbali na hapo, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014 na sumu ya madini ya risasi ikabaki ardhini na kwenye damu za watoto, ile kesi ya fidia ya bilioni 1.3 imeenda mpaka Mahakama ya Juu. Sasa hapo kwenu wanataka kuweka bembea.

mama_dagaa:
Mwanangu katibu, mambo ya sheria siyajui ila hilo baraza ni saa ngapi? Manake la kwanza lilikuwa saa nne na saa nne ndio mashua zinaingia, karai langu liko motoni, nitaliacha na nani? Pale tentini nasikia walikuwa wanaume watupu, na hao wanaume hakuna hata mmoja anayejua nakaanga kilo ngapi kwa siku.

katibu_wa_diko:
Mama umenipiga pale pale, wallahi sikulifikiria. Ni saa nne tena. Kesho napeleka barua, naomba lisogezwe liwe alasiri na lifanyike pale pale dikoni si kwenye tenti, na ripoti waje nayo kwa Kiswahili. Kiwanda wazee wanasema kilikuwa cha rangi, mwengine anasema ngozi, nitauliza vizuri. @ramani_mkononi hizo pointi za simu naziweka vipi kwenye karatasi? Nina simu ya kawaida tu na printa iko kwa saiba ya mjini.

ramani_mkononi:
Nitumie pointi inboksi, nitakuchorea. Anza na karai la mama.