Mada: Aliyekuza fuwele, jina lake likae wapi kwenye makala?

Kutoka: S.A.

Habari zenu wakuu,

Naomba tuliweke sawa suala hili kwa ajili ya wanaoanza uzamivu au kazi ya posdokta kwenye maabara za nyenzo za kwantamu. Mtu kakuza fuwele, ikasafirishwa, ikapimwa na kundi jingine, makala ikatoka. Huyo ni mwandishi, au anatajwa kwenye shukrani basi? Na wanaopima maombi ya kazi wanalionaje jina lililokaa katikati ya orodha? Tafadhali tupeane hatua zenyewe, kanuni za jumla kila mtu anazo.

Kutoka: J.M.

S.A., tuanze na mpaka wenyewe. APS, chama cha wanafizikia cha Marekani na wachapishaji wa jarida la Physical Review, wanataka mwandishi awe na mchango wa maana katika wazo, mpango, utekelezaji au ufafanuzi wa utafiti. Fuwele iliyokuzwa mahususi kwa kipimo hicho ni utekelezaji, kwa hiyo aliyeikuza ni mwandishi. Fuwele ya zamani iliyotolewa kabatini, ambayo sifa zake zilishachapishwa, wengi huimaliza kwa shukrani na kuirejelea makala ya kwanza. Ugomvi huzaliwa katikati ya hizo mbili.

Desturi nayo ina nguvu yake. Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe wa NIMS, taasisi ya sayansi ya nyenzo iliyoko Tsukuba, Japani, hukuza fuwele za boroni nitridi ya heksagoni kwa shinikizo kubwa na joto kali, kisha huzigawa kwa maabara za dunia nzima ili grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja) ilazwe juu yake. Majina yao yako kwenye mamia ya makala za grafini, zikiwemo zile mbili za 2018 za tabaka mbili zilizopindwa kwa takriban digrii 1.1. Anayeona hiyo ni bahasha ya heshima tu, aipime grafini iliyolazwa moja kwa moja juu ya oksidi ya silikoni. Uso wake una mabonde na chaji zilizonasa, elektroni zinatawanyika, na kile alichokuwa anakitafuta kinapotea kwenye kelele.

Kuna sababu nyingine ambayo watu huisahau: mkuzaji ndiye anayejua fuwele imekula nini. Chukua ukuzaji ndani ya bati (metali ya Sn) lililoyeyuka, ambalo ndilo kiyeyusho cha malighafi. Unaweka moli 1 ya malighafi kwa 20 hivi za bati ndani ya chombo cha alumina, juu yake pamba ya kwatzi iwe chujio, unaziba yote ndani ya mrija wa kwatzi wenye argoni ya theluthi moja ya angahewa au pungufu (ukijaza angahewa nzima, kwenye nyuzi 1000 mrija una shinikizo zaidi ya mara nne na unaweza kupasuka). Unapandisha hadi nyuzi 1000, unashusha nyuzi 2 au 3 kwa saa hadi 600, kisha unaugeuza mrija haraka na kuuzungusha kwenye sentrifyuji ili bati litoke.

Bati halitoki lote. Hubaki kama utando kwenye kingo na ndani ya nyufa. Basi mpimaji aliye mbali anaona ukinzani unaporomoka kwenye kelvini 3.7, anafurahi, anaandika rasimu. Hilo ni bati lenyewe, linapitisha umeme bila ukinzani kwenye joto hilohilo. Kwa mliotumia metali ya indi (In) ni kelvini 3.4, ya risasi (Pb) ni 7.2. Jaribio ni jepesi: weka uga wa sumaku wa militesla 50. Hali hiyo ya bati la kawaida haivuki 31 hivi, kwa hiyo ukinzani ukirudi umeshajua. Mkuzaji angeiona rasimu, angelisema hili kwa dakika moja. Ndiyo maana nasisitiza apewe makala aisome kabla haijatumwa, na anayesoma kwa kiwango hicho hawezi kuachwa kwenye shukrani.

Kutoka: N.W.

Kaka J.M. kamaliza la kwa nini. Mimi niongeze la namna gani, maana mengi huharibika siku ya kufunga kifurushi.

Kila awamu ya ukuzaji ipe namba, na kila kipande kipe herufi: 047-b, kwa mfano. Kwenye jedwali lako andika uzito, mchanganyiko uliopimwa kwa eksirei, picha ya Laue (ya eksirei, inayoonyesha mwelekeo wa fuwele), uwiano wa ukinzani wa kelvini 300 kwa ule wa kelvini 2, tarehe na mpokeaji. Kisha tuma barua pepe kabla ya kifurushi, yenye mambo manne: kipande kipi kwa kipimo kipi, asipewe mtu wa tatu bila kuuliza, rasimu ije wiki mbili kabla ya kutumwa jaridani, na majina ya upande wenu ni yapi. Msimamizi wako awemo kwenye hiyo barua. Usisubiri matokeo yatoke. Yakishakuwa mazuri kila mtu anakumbuka alichangia, na wa mbali ndiye anayesahaulika.

Shikilia mpimaji aandike namba ya kipande kwenye maelezo ya kila mchoro. Miaka miwili baadaye, mhakiki akiuliza kama mchoro wa 2 na wa 4 vimetoka kipande kimoja, jibu lipo. Na jina lako linashikana na mchoro fulani, si na makala kwa ujumla tu.

Majarida mengi sasa yanataka tamko la michango kwa mfumo wa CRediT wenye majukumu 14, uliofanywa kuwa kiwango rasmi cha Marekani (ANSI/NISO) mwaka 2022. Mkuzaji hutupwa kwenye "rasilimali" peke yake. Kama ulitafuta njia ya ukuzaji mpaka ikakubali, dai pia "mbinu", na kama ulipima ukinzani mwenyewe kabla ya kutuma, "uchunguzi". Mfumo huo lakini hauamui nani awe mwandishi, unaeleza tu kila mmoja alifanya nini.

Kutoka: H.T.

Niwapinge kidogo ndugu zangu. Mnaongea kana kwamba jina ni malipo. Jina ni dhamana pia.

Kwenye kesi ya Jan Hendrik Schön, mwanafizikia wa Bell Labs aliyetuhumiwa kughushi data, kamati ya Malcolm Beasley mwaka 2002 ilichunguza tuhuma 24 na kuthibitisha 16. Waandishi wenzake walisafishwa, ila swali la wajibu wao likabaki wazi, na APS wakaongeza mwongozo kuhusu waandishi wenza. Karibuni zaidi, makala ya hidridi ya luteti, iliyodai kupitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la kawaida, iliyotoka jarida la Nature mwaka 2023 iliondolewa mwaka huohuo kwa maombi ya waandishi 8 kati ya 11. Fikirieni hao wanane walivyohangaika kujinasua kwenye kitu chenye majina yao.

Kwa hiyo kabla ya kusema "nakubali", omba data ghafi ya mchoro uliotokana na kipande chako, pamoja na programu iliyouchora. Angalia usuli (ishara isiyotoka kwenye fuwele) ulitolewa vipi, na kama mistari miwili haina kelele zinazofanana nukta kwa nukta. Ndicho kilichomfichua Schön. Ukinyimwa data, bora ukae kwenye shukrani. (Mwaka 1975 Physical Review Letters ilichapisha makala ya heli-3 ambayo mwandishi wake wa pili, F.D.C. Willard, alikuwa paka. Mwenye paka, aliyeiandika peke yake, alikuwa ametumia "sisi" na hakutaka kupiga chapa upya. Paka hajawahi kuulizwa data.)

Kutoka: J.M.

H.T., hapo sina ubishi. Nijibu swali la uzito wa jina la katikati.

Kipimo cha h (una h ukiwa na makala h zilizorejelewa angalau mara h kila moja), alichokileta Jorge Hirsch mwaka 2005, hakiangalii nafasi kabisa: wa kwanza na wa tisa wanapata sawa. Ndiyo maana wakuzaji wakubwa wana h kubwa, na ndiyo maana kamati za ajira haziiamini peke yake. Zinasoma wa kwanza kama aliyepima na kuandika, wa mwisho kama mkuu wa kundi, wa katikati hawasomeki. Nyota ya "mchango sawa" nayo hupotea kwenye hifadhidata nyingi. Chini ya kila makala kwenye wasifu wako weka mstari mmoja: "Nilikuza fuwele zote, mchoro wa 1 ni wangu." Tasnifu ikiwa ya makala, vyuo vingi hudai tamko la mgawanyo wa kazi lenye saini za waandishi wenza. Kusanya saini makala inapokubaliwa, kabla watu hawajatawanyika.

Kwa walio Marekani wanaoomba EB-1A (ukaazi wa kudumu kwa wenye uwezo wa kipekee), uandishi wa makala za kitaaluma ni kigezo kimoja kati ya 10, na kuhakiki kazi za wengine ni kingine. Vinatakiwa visivyopungua 3. Barua za wataalamu zitaje fuwele na mchoro, sifa tupu hazisaidii.

Kutoka: N.W.

La mwisho, dogo ila linaumiza: majina yetu matatu. Majarida hukata moja leo, jingine kesho, hifadhidata inakugawa kuwa watu wawili. Chagua umbo moja, fungua ORCID (namba ya kudumu ya mtafiti), na uweke humo barua pepe binafsi pamoja na ya chuo. Ya chuo huzimwa ukishaondoka, na ombi la kuidhinisha rasimu ya mwisho huishia huko.