Mrejesho: mpangilio wa mionekano ya fremu ya mashine ya kusaga mahindi

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Niliuliza kwa nini FreeCAD, programu ya kompyuta ya kuchora vitu vya kiufundi, iliweka mwonekano wa juu wa fremu juu ya mwonekano wa mbele, ilhali mafundi wetu wa Katwe, hapa Kampala, wamezoea kuukuta chini yake. Nilibadili kundi la mionekano kutoka makadirio ya pembe ya tatu (mwonekano wa juu huwekwa juu ya ule wa mbele) kwenda ya pembe ya kwanza (huwekwa chini yake), kama mlivyoshauri, na mpangilio ukawa sahihi mara moja. Ushauri wa skeli ya 1:10 kwenye karatasi ya A4 haukufaa, kwa kuwa matundu ya bolti hayakusomeka. Nimetumia A3 kwa 1:5, pamoja na mwonekano wa kina wa kona, yaani sehemu hiyo ikiwa imekuzwa, kwa 1:2, ambao mafundi wameupenda sana.