Namba ya mbele kwenye kagari ka spoti: ni lazima kweli?

Mleta mada (Area D)

Mbukwenyi wakuu. Juzi nimeandikiwa 30,000 nikitokea Ihumwa kuja mjini, na siyo kwa spidi. Nilikuwa natembea 45 kwenye kibao cha 50. Kosa langu: namba ya mbele haionekani. Ilikuwepo, nimeilaza juu ya dashibodi nyuma ya kioo. Mimi naiona vizuri kabisa. Afande anasema anachoona yeye ni jua la saa saba tu.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster, ile ya taa zinazochomoza kama macho ya chura, Mazda walioanza kuiuza mwaka 1989. Haifiki tani moja. Mbele haina grili ya maana, ina mdomo tu, na mdomo huo ndio redieta inapopatia hewa. Pleti yetu ndefu ukiifunga hapo umeziba pua ya mgonjwa. Ukiishusha chini inakwangua kila tuta kuanzia Kisasa. Ukitoboa bampa, umetoboa bampa ambalo hapa Dodoma hulipati hata kwa dawa.

Hoja yangu ni moja. Kwa sheria yetu Fuso na hiki kijigari ni kitu kimoja, namba mbele na nyuma. Lakini bodaboda anabeba ya nyuma tu na maisha yanaendelea. Marekani kuna majimbo kama Florida na Pennsylvania ambako gari dogo linabeba pleti moja, ya nyuma. Ohio nao wameachana na ya mbele tangu Julai 2020. Sisi tunashindwa nini kuruhusu magari ya aina hii yabaki na ya nyuma, au stika juu ya boneti? Ya kwangu ya nyuma iko wazi, njano yake inang'aa hadi kero. Sijifichi. Karibuni tujadili.

Kijana wa UDOM

Nakazia. Gari zuri namna hiyo halafu unalipachika bango usoni.

Dereva wa Kibaigwa

Mkuu, unatetewa na watu ambao hawajawahi kukatiwa hata tiketi ya baiskeli.

Tuseme ukweli kuhusu tochi za kupima spidi. Mimi napita Dodoma–Morogoro mara nne kwa wiki. Unatoka kwenye 80 unaingia kijijini, kibao cha 50 kimejificha nyuma ya mti, na mzee wa tochi yuko mbele yako kivulini. Anakupiga ukiwa unamwendea. Picha inachukua uso wa gari, haichukui mgongo. Sasa gari lisilo na namba usoni anaandikiwa nani? Sisi wa Coaster na Fuso tulipe 30,000 zetu, halafu wewe upite na 140 huku unapiga honi?

Nyingine. Hiyo "spoti" nani anaipima? Leo umeruhusu Roadster. Kesho mwenye Subaru atasema ya kwake ina tabo, mwenye Crown atasema ameishusha spring. Wiki ijayo hata Passo imebandikwa mabawa nyuma. Trafiki atembee na katalogi?

Mleta mada

Kaka, sijasema nataka kukimbia. Roadster ya 1,600 ukitoka nayo mataa ya mjini hata Noah inakuacha. Raha yake ni kona.

Dereva wa Kibaigwa

Kona za wapi, Dodoma? Barabara zimenyooka kama rula hapa.

Mama Neema, Chang'ombe

Wanangu, mimi magari siyajui, lakini hili linanigusa. Mdogo wangu anaendesha boda. Mwaka juzi usiku gari lilimjia uso kwa uso, likahama upande wake, likamtupa mtaroni. Likapiga rivasi, likageuza, likaondoka. Yeye yuko chini, mguu umevunjika, vumbi kila mahali. Mkia wa gari hakuuona. Alichoona ni uso wake, sekunde mbili kabla ya kugongwa, na humo akashika tarakimu mbili na kwamba ni namba D. Rangi pia. Kwa hayo matatu gari lilipatikana siku ya tatu, limefunikwa turubai uani kwa mtu, taa moja hamna.

Anayevuka barabara anakutana na uso wa gari, mwanangu. Mkia anauona yule ambaye limeshampita salama. Hiyo pleti yako ya kwenye kioo usiku inaonekana? Taa zikiwashwa nani asome kitu nyuma ya kioo cheusi?

Mleta mada

Pole sana mama, na mpe pole mdogo wako. Hilo la usiku sikuwa nimelifikiria. Kwenye dashibodi nimekubali, naiondoa. Ila swali la bodaboda bado halijajibiwa na mtu.

Kijana wa UDOM

Na stika je? Inabandikwa kwenye boneti, inaonekana usiku na mchana, hakuna kutoboa. Jaguar E-Type za zamani kule Uingereza zinatembea na namba za kubandika puani.

Mchangiaji kutoka Singida

Stika yoyote inachapishwa dakika tano na kijana mwenye kompyuta. Leo anachapisha yako, kesho anachapisha ya kwangu anaiweka kwenye gari la wizi, na madeni yake yanakuja kwenye namba yangu. Zile pleti za 3D tu, zenye herufi zilizoinuka, zimeshaleta kelele kiasi gani, na zile angalau ni plastiki nene. Bati letu lina mng'ao unaorudisha mwanga wa taa. Karatasi ya rangi ya njano hairudishi kitu.

Fundi wa Kizota

Nimesoma toka juu, naomba nichangie kidogo. Nimeshafungua Roadster mbili hapa gereji.

Kwanza bodaboda. Pikipiki za Uingereza zilikuwa na namba ya mbele, bati limesimama wima juu ya madigadi kwa kufuata urefu wa pikipiki. Ukigongwa nayo inakukata kama panga. Mwaka 1975 ikaacha kuwa lazima. Kwa hiyo mleta mada, ukitaka kumtumia bodaboda kama shahidi, ujue kule bati liliondolewa kumlinda mtembea kwa miguu. Wewe unataka la kwako liondoke kwa ajili ya sura. Siyo kesi moja.

Pili, redieta. Hapa ndipo mnapodanganyana sana. Roadster zote mbili nilizoletewa "zinachemsha kwa sababu ya pleti". Ya kwanza feni ilikuwa haizunguki, waya umeliwa na panya. Ya pili nilipofungua redieta nilikuta chokaa nyeupe kama ndani ya birika la mama ntilie. Mwenye gari alikuwa anajaza maji ya bomba, miaka miwili. Haya maji yetu ya visima vya Makutupora kila mtu anajua yalivyo, chemshia chai mwezi mmoja uone sufuria. Sasa yaweke kwenye vitundu vyembamba vya redieta yenye miaka thelathini, halafu umlaumu bati la mbele. Nilisafisha, nikaweka kulanti (maji maalumu ya redieta), nikairudisha na pleti yake mdomoni. Ilienda Singida na kurudi, mshale wa joto haukusogea. Sikatai kwamba bati linapunguza hewa. Linapunguza. Ila redieta nzima inavumilia, mbovu ndiyo inatafuta kisingizio.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Gari lako limetoka Japani, na Japani namba ya mbele ni lazima. Tena tangu Aprili 2016 huruhusiwi kuifunika, kuikunja wala kuigeuza. Kwa hiyo kagari hako kamezaliwa na bati usoni. Tatizo ni umbo. Bati la Kijapani ni sentimita 33 kwa 16.5, fupi na nene. Letu refu linakaribia nusu mita. Ndiyo maana linaziba mdomo wote na kutokeza pembeni kama masharubu. Ingia chini utazame bampa, kama ni la asili utakuta matundu ya skrubu za pleti ya kwanza. Huna haja ya kutoboa popote. Unakata kipande cha chuma bapa, unakifunga kwenye matundu hayo, unaisogeza pleti upande wa kushoto. Alfa Romeo wameuza magari miaka mingi namba ikiwa pembeni ili isizibe ile ngao yao ya katikati, na hakuna aliyesema ni mabaya.

Halafu swali, mkuu. Namba za mistari miwili, zile za mraba, zipo hapa nchini. Land Cruiser ngapi zimezibeba nyuma. Ulipokuwa unasajili uliomba ya mraba kwa ajili ya mbele?

Mleta mada

Sikuomba.

Dereva wa Kibaigwa

😂😂😂 Mjadala wa kitaifa kumbe mtu hakuuliza dirishani.

Mleta mada

Cheka kaka, nimestahili. Lakini msinifunge mdomo kabisa. Redieta nimemwachia fundi, la mdogo wake Mama Neema sina jibu, na ukiuliza nani apime spoti ni ipi, sijui. Kwa hiyo la kuiondoa kabisa nalifuta. Linalobaki ni hili: kama namba za mraba zipo, mwenye gari la Kijapani aulizwe tangu mwanzo anataka umbo gani mbele, maana zaidi ya nusu ya magari tunayopishana nayo hapa mjini yameingia na matundu ya bati fupi. Angalieni Vitz na IST zinavyobeba pleti zilizokunjwa pembeni kama sikio la mbwa. Hizo nazo hazisomeki, na hakuna anayeziandikia.

Jumatatu naenda kuuliza. Fundi, hicho kipande cha chuma kinanigharimu ngapi?

Fundi wa Kizota

Chuma hakina bei, kipo chakavu tele hapa. Lete gari Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Na kabla hujaja, niambie kwenye redieta umejaza nini.

Mleta mada

...Maji ya bomba.