Raspberry Pi inapoteza mtandao kila usiku, pampu ya maji inabaki bila msimamizi

simtanki_mbezi: Wakuu, naomba msaada. Nina Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, ipo kwa wazazi Mbezi. Kazi yake kubwa ni maji. Mgao huku huja usiku, basi tangi la chini likipata maji inawasha pampu, likikauka au la juu likijaa inazima. Plagi ya pampu na vitambuzi vyote ni vya Zigbee, yaani vinaongea na Pi kwa redio yao wenyewe, siyo Wi-Fi. Sasa kila saa nane usiku Pi inapotea kwenye Wi-Fi, na plagi nayo haiitiki. Baadaye vyote vinarudi vyenyewe. Mchana hakuna shida. Ruta nimebadilisha, bado. Juzi mzee kaamshwa na pampu inazunguka kavu, ikiungua wazazi wangu watarudi kubeba ndoo.

waya_mmoja: Angalia anwani ya IP mkuu. Pengine ruta inampa mtu mwingine anwani hiyohiyo, vinagongana. Ifunge kwenye ruta.

simtanki_mbezi: Nimeshaifunga, haibadiliki. Chaja nayo ni yake halisi, 5V 3A.

fundi_saketi: IP siyo. Zigbee haipiti kwenye ruta, kwa hiyo anwani zikigongana plagi isingeguswa. Vikikatika pamoja, tafuta wanachochangia: Wi-Fi yako na Zigbee vyote viko 2.4 GHz. Kuna kitu kinachafua hewa hapo saa nane. Una diski ya nje? Bakapu inaanza saa ngapi?

simtanki_mbezi: Diski ya SSD ipo, tundu la USB la bluu. Bakapu saa nane kamili! Kijiti cha Zigbee, kile kinachoipa Pi redio ya kuongea na plagi, kiko tundu la bluu la pili, vimebanana.

fundi_saketi: Umeshapata mchawi wako. USB 3.0, ndiyo hayo matundu ya bluu, ikisafirisha data nyingi hutoa kelele ya redio kwenye 2.4 GHz; Intel waliandika kuhusu hilo tangu 2012. Diski ikitulia husikii kitu, bakapu ikianza kijiti na antena ya Pi vinazibwa masikio. Hamishia kijiti tundu jeusi, ambalo ni USB 2.0, tena kwa waya wa kurefusha wa mita moja, kikae mbali na diski. Pi yenyewe ipe waya wa mtandao hadi kwenye ruta, Wi-Fi achana nayo.

Lakini kubwa zaidi, na hili nakuomba usilipuuze: pampu isitegemee kompyuta peke yake. Funga swichi ya boya kwenye tangi la chini, ikate umeme maji yakiisha, Pi iwe hai au imekufa. Nimeona mota zilizoungua kwa kukosa kaboya hako.

simtanki_mbezi: Nimeendesha bakapu mchana makusudi, mtandao ukakatika palepale. Nimehamisha kijiti kwa waya, Pi nimeichomeka kwenye ruta, nikarudia bakapu: plagi inaitika muda wote. Asante sana mkuu. Fundi wa pampu anakuja Jumamosi na boya.

fundi_saketi: Safi. Mwambie aje na kontakta pia, ile swichi nzito inayowashwa na kuzimwa kwa umeme. Mota ikianza huvuta umeme mwingi kuliko inapozunguka, na mguso wa ndani ya plagi ndogo huweza kuganda ukiwa umewasha. Plagi iamuru kontakta, kontakta ndiyo ibebe pampu.

waya_mmoja: Na mimi SSD yangu iko tundu la bluu. Naenda kuangalia sasa hivi.