Antena gani kwa zoezi la dharura milimani?

Wakuu, klabu yetu ya redio ya ridhaa inatoka na mahema wikiendi ijayo, kufanya zoezi la dharura bila umeme wala simu. Redio za mkononi za VHF (masafa ya juu sana) hukwama kilima kikiingia kati. Nibebe nini?

Jibu: Waya tu. Daipoli, yaani antena ya waya mbili zinazotandazwa pande mbili, ya masafa ya 7.1 MHz ni kama mita 20, yaani 10 kila upande. Usiipandishe sana, mita nne zatosha: mawimbi yatapanda wima, yagonge ionosfea (tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi), yashukie nyuma ya kilima. Usiku hamieni 3.5 MHz.

Jibu: Na betri! Watu huja na antena tatu, betri moja. Kutuma kwa wati 100 hula takriban ampea 20 za betri.

Muulizaji: Basi nitatuma kwa wati 20.

Jibu: Sawa. Ujumbe uandikwe kwanza kwenye karatasi, ndipo ubonyeze kitufe.