Hella Mega imesogezwa tena mpaka 2022: tushike tiketi, turudishiwe pesa au tuuze?

*2021*

Msafiri_E15
Wadau, naomba msaada wa mawazo. Nina tiketi nne za Hella Mega, ile ziara ya pamoja ya bendi za Green Day, Fall Out Boy na Weezer, pale London Stadium. Nilinunua mwishoni mwa 2019, paundi 79 kila moja, na onyesho lilikuwa 26 Juni 2020. Korona ikaja, wakasogeza mwaka mzima hadi Juni 2021. Sasa nimeletewa barua pepe nyingine: 24 Juni 2022.

Kusubiri naweza. Shida ni watu. Nilipolipa tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, shemeji wa Dar aliyepanga kuja likizo, na jamaa niliyekuwa nakaa naye nyumba moja. Jamaa ameshahamia Kanada. Shemeji hawezi kuingia huku, Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya korona ya Uingereza tangu Januari, na mgeni asiye na kibali cha kuishi hapokelewi hata akiwa tayari kulipia karantini ya hoteli. Mke wangu ni mjamzito, tunategemea mtoto Agosti, kwa hiyo Juni mwakani tutakuwa na mtu wa miezi kumi ndani ya nyumba.

Wakala aliyeniuzia anasema kama sitaki tarehe mpya niombe pesa ndani ya wiki tatu, na ni oda nzima au basi. Siwezi kurudisha mbili nikabaki na mbili. Ada ya huduma hairudi. Naona njia tatu: nishike zote, nirudishe zote, au nishike mbili niuze mbili. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Gitaa_Bovu
Shika kaka, tena kwa mikono miwili. Bendi tatu kwa tiketi moja, uwanja ule ule David Rudisha alipokimbia mita 800 kwa 1:40.91 mwaka 2012! Ukirudisha leo, mwakani utanunua kwa bei nyingine au utakuta zimekwisha. Mimi nina ya My Chemical Romance pale Milton Keynes. Ilikuwa Juni 2020, ikawa Juni 2021, sasa ni Mei 2022. Wale walivunja bendi 2013. Nimewasubiri miaka yote hiyo, huu mmoja ndio utaniua?

Halafu tazama Marekani. Green Day na wenzao wanaanza 24 Julai mwaka huu, Arlington, Texas. Kule kukienda salama, huku nako kutakwenda.

Karani_Mstaafu
Gitaa, hoja yako ya Marekani ina tundu. Hiyo 24 Julai itafika wiki tatu za mwenzako zimeshakwisha. Ataamua kabla hajaona kitu.

Nimekaa benki miaka mingi, dawati la malalamiko ya kadi, basi niseme ninachokijua. Watu wanaamini kwamba ukilipa kwa kadi ya mkopo Uingereza uko salama kwa sababu ya Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974. Kweli kinaibana benki pamoja na muuzaji, lakini bei ya kitu lazima izidi paundi 100 na isivuke 30,000. Ya kitu kimoja, si ya risiti nzima. Risiti yako inasoma paundi 316, ila mbele ya kifungu hicho una vitu vinne vya 79. Hapo umeshatoka. Na hata zingekuwa 120 kila moja, umenunua kupitia wakala, na benki zinaweza kusema yule uliyemlipa siye aliyekuuzia onyesho. Mwanya huo wanaujua kuliko wewe.

Inabaki kuiomba benki ivute pesa kutoka kwa muuzaji. Hizo ni kanuni za kampuni za kadi, si sheria, na zina ukomo, kwa kawaida siku 120. Nikiwa dawatini swali langu la kwanza lilikuwa: muuzaji alitaka kukurudishia? Mteja akisema "alitaka, nikakataa," nafunga faili, namwita anayefuata.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba utashika leo halafu Machi ubadili mawazo. Hao umewakopesha paundi 316 bila riba tangu 2019. Na kusogezwa si ahadi. Taylor Swift alisogeza maonyesho ya Lover Fest Aprili 2020, Februari mwaka huu akayafuta yote. Mimi ningerudisha zote, tarehe ikikaribia nikatafuta mbili. Uwanja mkubwa kama ule haukosi tiketi mbili.

Mama_Zuhura_Köln
Nyie wa Uingereza mshukuru mnaulizwa. Huku Ujerumani Mei 2020 walipitisha sheria: tiketi iliyonunuliwa kabla ya 8 Machi 2020, onyesho likifutwa kwa ajili ya korona, mwandaaji anaruhusiwa kukupa vocha badala ya pesa. Pesa yenyewe unaidai kama vocha haijatumika mpaka 31 Desemba 2021. Yangu iko kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Inatumika kwa mwandaaji yule yule tu, na sijaona kwenye orodha yake onyesho ambalo ningelipia hata nauli ya tramu.

Italia nao walikwenda njia hiyo hiyo, mpaka Paul McCartney akajitokeza Juni mwaka jana kulalamika kwamba mashabiki wake wa Napoli na Lucca wanapewa vocha wakati yeye mwenyewe haendi tena. Kwa hiyo kwangu mimi vocha iko mkiani kabisa. Anayekuonyesha pesa, chukua pesa.

Ila ngoja. Hiyo E15 ya jina lako si ndiyo mtaa wa Stratford? Unakaa karibu na uwanja?

Msafiri_E15
Dakika kumi na mbili kwa miguu, dada. Nauli sifuri.

Mkenya_Mtaratibu
Sasa jibu si hilo hapo? Mimi nilikuwa nimekata ya Paris, 13 Juni 2020, nikitoka Nairobi. Katika safari nzima tiketi ya shoo ndiyo ilikuwa kitu cha bei rahisi. Visa ya Schengen ya kuingia Ulaya ilikuwa euro 80, usafiri usisafiri hairudi. Ndege walinipa vocha yenye masharti marefu kuliko mkataba wa kununua shamba. Hoteli nilichagua ile ya "hairudishwi" ili niokoe shilingi elfu tatu, nikapoteza elfu thelathini. Nakumbuka nilivyobonyeza kile kitufe, nikajiona mjanja. Pesa ya shoo ndiyo iliyorudi bila maneno, siku nane tu.

Mtu wa mbali akishika tiketi ameshika pia nauli, visa, likizo ya kazini na bei ya euro ya mwakani. Nilirudisha na sijuti. Wewe unatembea na viatu vyako, mzee. Shika.

Kobe_wa_Leeds
Samahani kuingilia. Jukwaa hili linaitwa Pop Roki. Green Day ni panki.

Gitaa_Bovu
Na Fall Out Boy? Na Weezer? Wawili kwa mmoja, Kobe, umeshindwa. Rudi kwenye mada.

Kobe_wa_Leeds
Weezer nawaachia. Albamu yao nayo ilikuwa itoke Mei 2020, imetoka Mei mwaka huu. Ya kwangu ni ya Huddersfield na nimeishika, kama mtu anataka kujua. Sababu sina.

Getini_Usiku
Nimeskani tiketi kwenye mageti ya viwanja misimu minne. Msafiri, za kwako ni za kwenye simu au karatasi?

Msafiri_E15
Karatasi. Zimebanwa na sumaku kwenye mlango wa friji tangu siku zilipofika, pale pembeni ya dirisha la jikoni. Zimeshakuwa pambo.

Getini_Usiku
Zitoe hapo leo. Karatasi ile mara nyingi ni kama ya risiti ya dukani, haina wino, mashine inaichoma kwa joto ndipo maandishi yanatokea. Jua na joto vinakuja kuyafuta. Hiyo 26 Juni 2020 iliyoandikwa juu isikutie wasiwasi, pale getini tunasoma ile mistari myeusi, tarehe hatuitazami. Lakini mistari ikipauka unapelekwa dirisha la matatizo na kitambulisho na barua pepe ya ununuzi, mbele yako foleni ya wenye matatizo wenzako, na ndani Weezer wameshaanza. Tia kwenye bahasha, ndani ya kitabu, kabatini.

Kuhusu kuuza, naiona ndiyo njia yako kwa zile mbili. Uza kwa bei uliyonunulia, kwa mtu unayemjua au kwenye zile tovuti ambazo mashabiki wanauziana hivyo. Ila si sasa. Sasa hivi hakuna anayenunua onyesho la mwakani, kila mtu anajiuliza kama kutakuwa na mwakani. Ngoja Machi, Aprili. Na tafadhali usipige picha ya tiketi ukaitupia mtandaoni. Nimewahi kupokea watu watano wenye mistari ile ile. Wa kwanza aliingia. Wanne walisimama pembeni yangu saa nzima wakimpigia simu mtu ambaye hakupokea.

Karani_Mstaafu
Aprili akikosa mnunuzi?

Getini_Usiku
Atapunguza bei, mzee. Akipoteza 40 kwa mbili, bado anaingia kwa miguu.

Msafiri_E15
Nimekaa na mke wangu jana usiku. Tunashika zote, mbili zetu, mbili tutaona mbele ya safari. Karani usininunie. Tiketi zimehamia ndani ya kitabu cha mapishi, ukurasa wa vitumbua.

Karani_Mstaafu
Sinuni. Mwakani uje useme.

*Agosti 2021*

Karani_Mstaafu
Nafufua uzi. Mmeona ya Marekani? New York na Boston, Fall Out Boy hawakupanda jukwaani, mtu wa timu yao amekutwa na korona. Waliolipia bendi tatu wakaona mbili. Msafiri, unasemaje?

Msafiri_E15
Mzee, mtoto kazaliwa juzi. Wa kike, kilo tatu na robo. Sijui hata leo ni siku gani, Fall Out Boy nitawajuaje?

Mama_Zuhura_Köln
Hongereni sana! Mpe mama uji wa pilipili manga, achana na Karani.

*Juni 2022*

Msafiri_E15
Nimekuja kusema, kama nilivyoagizwa.

Tiketi moja niliuza Aprili kwa mfanyakazi mwenzangu, 79 ile ile. Getini, ulijua: Februari niliitangaza kazini hakuna aliyegeuza shingo, Aprili wakaulizia watatu. Shemeji alipata visa, akatua wiki moja kabla. Tukabaki watatu na tiketi tatu, na jirani yetu aliahidi kukaa na mtoto. Jumatano jirani akapima korona, mistari miwili. Sasa mtoto wa miezi kumi unampa nani siku mbili kabla? Tiketi yangu ikaenda kwa mdogo wake yule mfanyakazi mwenzangu, naye alilipa yote. Mke wangu na kaka yake wakaondoka saa kumi jioni, viatu vya raba, chupa tupu za maji, na mimi nikaachiwa maelekezo ya maziwa yaliyojaa ukurasa mzima.

Ile mistari, Getini, ilikuwa imeshageuka kijivu kwenye tiketi mbili. Ya shemeji ilikataa mara mbili, mara ya tatu taa ikawa kijani. Anasema jasho lililomtoka pale halikumtoka kwenye dirisha la visa.

Mimi nilikuwa kwenye roshani, ghorofa ya tano, binti begani. Weezer sikuwapata vizuri, upepo uliwapeleka upande wa pili. Fall Out Boy nilisikia besi tu, na kioo cha mlango kikitetemeka. Green Day walipoingia jua lilikuwa halijazama, na hapo sikuwa nasikia bendi tena, nilikuwa nasikia watu. Uwanja mzima unaimba na maneno yanafika wazi kabisa. Binti akalala katikati ya makelele hayo, mkono wake umeshika ndevu zangu, nikawa siwezi kugeuka.

Karani_Mstaafu
Kwa hiyo umesubiri miaka miwili na nusu ukasikiliza kwenye roshani.

Msafiri_E15
Bure, mzee. Ile 79 yangu ilirudi yote. Niliyoipoteza ni ada ya huduma.

Karani_Mstaafu
Hapo umenifunga mdomo.

Gitaa_Bovu
Milton Keynes nilikwenda Mei, nitaandika uzi wake, sauti ndiyo kwanza imerudi. Kobe yuko wapi? Huddersfield ilikuwa kesho yake.

Kobe_wa_Leeds
Nipo. Kumbuka 25 Juni ilikuwa siku ya tatu ya mgomo wa reli wiki ile. Korona imekwenda, bendi imekuja, treni hakuna. Tulijibana watano kwenye gari dogo kutoka Leeds, mimi katikati nyuma, goti la mtu ubavuni. Kurudi tulikaa maegeshoni saa moja na nusu kabla magari hayajaanza kusogea.

Gitaa_Bovu
Na bado Green Day ni panki?

Kobe_wa_Leeds
Kwa leo nasema tu kwamba mgongo unaniuma.