Mtoto wa miezi 11 anaharisha siku ya tatu na ORS anaitema: naombeni ushauri

MamaMbagala

Wapendwa, habari za mchana. Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, na ninaandika nikiwa nimempakata mwanangu wa pili, mwenye miezi 11, ambaye siku yake ya mwisho ya kliniki alikuwa na kilo 8. Ameanza kuharisha tangu juzi asubuhi. Jana alipata choo mara sita, chote cha majimaji ya manjano, bila damu, na usiku akatapika mara mbili. Leo tayari ni mara nne.

Nilikwenda duka la dawa muhimu la hapa mtaani nikapewa pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), vidonge kumi vya zinki na chupa ya metronidazo ambayo muuzaji alisema itakata choo. Pakiti ya ORS niliikoroga kwenye kikombe cha chai, lakini mtoto anakunja uso na kuitema, na hata kile kidogo anachomeza hakipiti dakika tano kabla hajaharisha tena, hivyo nimeanza kuona kama mimi ndiye ninayemwongezea ugonjwa.

Jambo la pili ni zito kwangu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ninamheshimu kama mama yangu mzazi, anasema mtoto amebemendwa, yaani amedhoofu kwa sababu wazazi hawakujizuia tendo la ndoa au mama alishika mimba wakati bado ananyonyesha, kwamba maziwa yangu yameharibika, na kwamba nimwachishe ziwa leo hii. Jirani naye amenielekeza kwa mtu anayeng'oa meno ya plastiki. Baba wa mtoto yuko safarini. Nasikia aibu hata kwenda zahanati, kwa kuwa wanawake wa hapa wakisikia neno hilo huanza kumtazama mama badala ya kumtazama mtoto. Je, niendelee na ORS? Nimwachishe ziwa?

MuuguziWaZamu

Pole sana, dada. Usimwachishe ziwa. Mnyonyeshe kila anapotaka na hata mara nyingi zaidi ya kawaida, kwa sababu maziwa yako ni maji na ni chakula, na mara nyingi ndicho kitu pekee ambacho mtoto mgonjwa hakikatai.

Hiyo ORS iliyomo kwenye kikombe imwage sasa hivi. Pakiti moja huchanganywa na maji safi ya kunywa lita moja kamili. Ukiikoroga kwenye kikombe cha chai unapata chumvi kali ambayo inaweza kumdhuru, na si ajabu kwamba anaitema. Kama huna chombo cha kupimia, tumia chupa mbili za maji za nusu lita. Onja mwenyewe kabla ya kumpa: isiwe na chumvi kuzidi machozi. Mchanganyiko ukivuka saa 24, umwage utengeneze mwingine.

Mpe kwa kijiko, si kwa kikombe wala chupa ya kunyonyea. Mtoto wa umri wake anahitaji mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, na akitapika unasubiri dakika kumi, kisha unaanza tena polepole zaidi. Tafadhali uelewe jambo hili, kwa kuwa ndilo linalowafanya akina mama wengi waiache ORS mapema: ORS haikati choo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi ambavyo choo kinaviondoa mwilini. Mtoto anaweza kuendelea kuharisha siku kadhaa na bado ikawa inafanya kazi yake vizuri, kwa hiyo usiipime kwa kuhesabu choo, bali kwa kuutazama mkojo, macho na uchangamfu wake.

Zinki mpe kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji au cha maziwa yako, siku 10 hadi 14. (Mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 anampa nusu kidonge.) Metronidazo iweke kando. Ni dawa ya amiba na jiadia, na choo cha majimaji kisicho na damu kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haivigusi. Vidonge vya watu wazima vya kufunga choo havifai kabisa kwa mtoto mdogo.

Sasa nijibu haraka: mara ya mwisho alikojoa saa ngapi? Akilia, machozi yanatoka? Macho yamezama? Ukiifinya ngozi ya tumbo, pembeni ya kitovu, kisha ukaiachia, inarudi papo hapo au inabaki kama mkunjo wa kitambaa?

BibiWaTanga

Mwanangu, pole. Mimi ni mtu mzima, nimelea watoto wangu saba na wajukuu siwezi kuwahesabu. Enzi zetu mtoto akiharisha tulimnyima maji, tukidhani kinachoingia ndicho kinachotoka, na tulimnyima chakula ili tumbo lipumzike. Nilimzika mmoja, na hadi leo nikimwona mtoto mwenye midomo mikavu nakumbuka alivyokuwa akikitazama kikombe nilichokiweka mbali naye. Kwa hiyo nisikilize mimi ambaye siwezi kuambiwa kwamba sijui mila.

Kubemenda ni neno la zamani. Lilikuwa na maana kwa wakati wake, kwa sababu mama aliyebeba mimba mapema alimwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati, na mtoto huyo alidhoofu kweli. Lakini maziwa hayaharibiki mwilini mwa mama, na mtoto anayeharisha leo Mbagala ameupata uchafu kwenye maji, kwenye chakula au kwenye mikono, naye ameanza kutambaa na kila anachokiokota kinakwenda mdomoni.

Kwa yule mng'oa meno usiende kabisa. Kile wanachokiita jino la plastiki ni chonge la mtoto ambalo bado liko ndani ya ufizi. Wanalichokoa kwa chombo kisicho safi, mtoto anavuja damu huku tayari hana maji, anaweza kupata maambukizi, na hata jino la ukubwani linaweza kuharibika.

Na mama mkwe usibishane naye. Mpe kijiko na kikombe umwambie, "Mama, nisaidie kumnywesha, kwako anatulia." Mtu mzima akipewa kazi ya kumponya mjukuu, maneno hupungua.

BabaWaMwanza

Naongeza dogo tu. Wangu alikataa kijiko, nikatumia bomba la sindano lisilo na sindano, nikawa namwekea kidogo kidogo pembeni mwa shavu. Soda na juisi za dukani usimpe, kwa sababu sukari yake nyingi huvuta maji tumboni na kuzidisha choo. Nina swali kwa Muuguzi: wangu alipata chanjo ya rota wiki ya 6 na ya 10, mbona aliharisha?

MuuguziWaZamu

Chanjo hiyo, ambayo Tanzania ilianza kuitoa 2013, inamkinga mtoto hasa dhidi ya kuharisha kukali kunakoletwa na kirusi cha rota. Vijidudu vingine vipo vingi. MamaMbagala, ninasubiri majibu yako.

MamaMbagala

Samahani, nilikuwa namnywesha. Nepi ni kavu tangu alfajiri na sasa ni saa tisa alasiri. Analia lakini machozi siyaoni. Macho yamezama kidogo. Ngozi niliifinya na ilirudi polepole, si mara moja. Hii ORS mpya anaigombania, nikikiondoa kijiko analia. Je, hiyo si dalili njema?

MuuguziWaZamu

Dada, ondoka sasa uende kituo cha afya kilicho karibu nawe, usimsubiri baba yake. Kuigombania ORS ni kiu ya mtoto aliyepungukiwa maji, na pamoja na macho kuzama na ngozi kurudi polepole inamaanisha kwamba anahitaji kunyweshwa mbele ya mhudumu. Ibebe ORS uliyotengeneza, mpe kijiko njia nzima na umnyonyeshe. Akianza kulegea, akishindwa kunywa, akipata degedege au ukiona damu kwenye choo, waambie papo hapo ufikapo, usikae kwenye foleni. Habari ya kubemenda si ya kumweleza mtu yeyote pale. Waambie siku tatu, choo mara ngapi, mkojo tangu alfajiri.

MamaMbagala

Nimerudi jamani, tumelala salama nyumbani. Tulifika jioni, mtoto akapimwa, tukapelekwa kwenye kona ya ORS. Walitumia hesabu ya mililita 75 kwa kila kilo, yaani mililita 600 kwa saa nne, na muuguzi akanionyesha kwamba hiyo ni kijiko kimoja cha chai kila dakika mbili. Mama mkwe alikuwa amenifuata bila mimi kumwomba. Tulipokezana, yeye akishika kikombe, mimi nikitazama saa, na mkono wangu ulipochoka alikichukua kijiko bila kusema neno. Mtoto alipotapika tulisubiri dakika kumi kama mlivyosema. Ilipokaribia saa tano usiku nikasikia joto kwenye mapaja yangu, nikafungua nepi, ulikuwa mkojo. Mama mkwe ndiye aliyeanza kulia.

Leo ameharisha mara tatu, lakini anacheza na machozi yapo. Je, choo kikikoma kesho niache zinki? Na chakula nimpe nini?

MuuguziWaZamu

Alhamdulillahi. Zinki usiache, maliza vidonge vyote kumi hata choo kikikoma. ORS endelea nayo kila baada ya choo cha majimaji. Chakula mpe alichozoea, uji mzito, ndizi zilizopondwa, wali laini wenye mafuta kidogo, mara nyingi na kidogo kidogo, na kwa wiki mbili mwongezee mlo mmoja kwa siku ili arudishe uzito. Akifikisha siku 14 bado anaharisha, mrudishe kituoni.

BibiWaTanga

Nisalimie mama mkwe. Mwambie maji ya kumkorogea ayachemshe, ayaache yapoe yakiwa yamefunikwa, na nepi zikitolewa mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kukishika kijiko.

MamaMbagala

Shikamoo bibi. Ameshayaweka maji jikoni, yanachemka.